Hela, hamsa ishirini, manamba: maneno tuliyoachiwa

Haya ni maneno niliyoyasema mjini Morogoro mbele ya walimu wa historia, wazee waalikwa na wanafunzi wa sekondari. Wengi walipiga simu kusema walikosa usafiri, na wengine walifika ukumbi umeshajaa. Basi nimeyaandika yote kama yalivyotoka. Nimeacha vicheko, na nimeacha zile dakika umeme ulipokatika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana? Vijana, hamjambo?

Kabla sijaanza, naomba kila mmoja atie mkono mfukoni. Mama zangu, fungueni mikoba. Kuna hela humo? Kama ni nyingi au ni za nauli tu, hilo ni lenu na nyumba zenu. Mimi nauliza habari ya neno lenyewe. Hela. Leo umeshalitamka mara ngapi? Asubuhi mtoto kakudai hela ya daftari, kwenye daladala kondakta kakuambia hela yako imechanika, na umefika hapa unawaza hela ya kurudia. Haya, nani kati yetu anajua hela ni mtoto wa nani?

Hela ni mtoto wa Mjerumani. Ilikuwa sarafu yake, kwao ikiitwa Heller, na aliileta katika koloni hili mwaka 1904. Hela 100 zilifanya rupia moja. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, na hiyo pesa nayo ilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi. Mjerumani akaona hesabu ya sitini na nne inamsumbua, akaweka ya mia. Leo Mjerumani hayupo, rupia haipo, na sarafu yenyewe ukiitaka nenda makumbusho. Jina lake bado liko mfukoni mwako.

Nimeombwa nizungumzie utawala wa Wazungu katika Afrika. Sikuleta picha za kuonyesha ukutani. Nimeleta maneno manne au matano ambayo nyote mnayo tayari, kwa sababu nimefundisha somo hili miaka mingi na nimeona tunavyolifundisha. Sababu za ukoloni, taja tano. Athari za ukoloni, taja tano. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, likizo haijaisha ameshasahau. Ukimwuliza ukoloni hasa ulikuwa nini, anakujibu: gavana na bendera. Ndugu zangu, mtu wa Liwale alimwona gavana lini? Mtu wa Kasulu alijali bendera gani? Ukoloni uliomfikia yeye, mlangoni kwake, ulikuwa utaratibu wa kumtoa shambani mwake akafanye kazi ya mtu mwingine. Mengine yote yalijengwa kuzunguka hilo. Na kila chombo kilichotumika katika utaratibu ule kiliachwa na jina lake midomoni mwetu.

Tuanzie nyumbani, mkoani humu humu. Vijana, mkisikia mtu amesaini mkataba mbovu mnasemaje? Nimewasikia. "Mkataba wa Chifu Mangungo!" Mnacheka. Msovero ni hapo Kilosa tu, na pengine humu ndani yuko mjukuu wake ananitazama.

Tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Msovero, Usagara. Alikuwa kijana wa miaka 28, na serikali ya nchi yake haikuwa imemtuma. Alikuja na wenzake wachache na karatasi zilizoandikwa Kijerumani. Karatasi ya Mangungo ilijiita mkataba wa urafiki wa milele, na kwa urafiki huo Mangungo akawa ametoa nchi yake yote, na haki zake zote, daima na milele. Imeandikwa humo kwamba mkalimani aitwaye Ramadhani alimweleza kila kitu kwa ufasaha. Nani anasema alimweleza kwa ufasaha? Anasema Peters, aliyeiandika.

Lakini kuna sentensi moja mwishoni ambayo walimu huwa tunairuka, na mimi naiona ndiyo roho ya karatasi ile. Inasema kwamba Mangungo alipoulizwa, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama Sultani huyo yupo.

Hajui kama yupo! Usagara ile ambayo misafara ya Bagamoyo ilipita kwenda na kurudi, nguo za merikani zikitoka Unguja, shanga zikitoka Unguja, bunduki na baruti vikitoka Unguja. Chifu wa njiani hapo asijue kuna Sultani Unguja? Ni sawa na leo mwenyekiti wa kijiji cha Msovero akuambie hajapata kusikia kuna mahali panaitwa Dodoma.

Sasa kwa nini iandikwe? Kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya Mangungo. Wakati ule ule wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin kwa Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, tangu tarehe 15 Novemba, wakipanga kanuni za kuchukua pwani za Afrika bila kugombana wao kwa wao. Karatasi ilihitaji nchi isiyo na mwenyewe. Msomaji wake alikuwa Berlin, na Mangungo alitumika kama wino. Kwa hiyo kijana, ukitaka kumcheka mtu aliyesaini asichokielewa, mtafute aliye hai mwenye wanasheria na miwani, umwache mzee wa watu apumzike.

Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatia saini hati ya kuyaweka maeneo ya Peters chini ya ulinzi wake. Ishikeni tarehe hiyo, 27 Februari, nitawadai baadaye.

Karatasi peke yake haikutawala mtu. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokuja kuchukua pwani kwa kukodi kutoka kwa Sultani, Pangani ikawaka. Abushiri bin Salim upande wa Pangani, Bwana Heri upande wa Saadani, na kampuni ikatimuliwa karibu kila mji. Ndipo serikali yenyewe ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri, na wengine kutoka kusini, Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mkwawa wa Wahehe aliwapiga Lugalo mwaka 1891, akaua na kamanda wao Zelewski, na hakupatikana hadi alipojiua mwenyewe mwaka 1898. Walikikata kichwa chake wakakipeleka Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza kirudishwe. Kilirudi Kalenga mwaka 1954. Ndiyo, miaka 35 baada ya kuagizwa. Hayo mnayafundisha vizuri, siyarudii.

Walipokwishapiga, walijenga boma. Mnajua ndoa ya bomani? Wazazi wakikataa, au dini zikitofautiana, vijana wanakwenda bomani. Boma ile ya harusi ni ngome, mama zangu. Ni kuta nene zenye matundu ya kutolea mitutu ya bunduki. Nendeni Mikindani, nendeni Bagamoyo mkazione.

Sasa turudi kwenye hela, maana hapa ndipo pana mambo.

Mwaka 1898 ilianza kutozwa kodi ya nyumba, kwa kawaida rupia tatu kwa mwaka. Mkulima wa Umatumbi ana mtama ghalani, ana kuku, ana mpunga bondeni. Rupia anaitoa wapi? Auze anachokula, au akafanye kazi ya mzungu, au akakatwe siku zake za kazi pale bomani. Na ndicho kilichotakiwa. Kodi ilijaza hazina, sawa, ila ilifanya na kazi nyingine: ilimtoa mtu nyumbani bila kumfunga kamba. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba kodi ya kichwa na ya nyumba ilikuwa "chanzo cha mapato ya serikali" amesema nusu tu.

Kisha ikaja pamba. Tangu mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, katika wilaya za pwani na kusini kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alitakiwa awe na shamba la pamba la kijiji, na watu wazima wakalime humo kwa siku zilizopangwa. Mapato yagawanywe: fungu la waliolima, fungu la jumbe, fungu la chombo cha serikali kilichouza. Wale waliolima walipopewa fungu lao, wengine walikataa hata kulipokea. Fikiri udogo wa fedha ambayo maskini anaikataa.

Na pamba haikusubiri. Ilitaka kupaliliwa wakati ule ule mtama unataka kupaliliwa. Ukiwa kwenye shamba la jumbe, nguruwe na nyani wako kwenye shamba lako. Waliosimamia hawakuwa Wajerumani. Walikuwa maakida na askari. Akida zamani katika miji ya pwani alikuwa cheo cha heshima, mkuu wa watu wakati wa vita na hata wakati wa ngoma. Mjerumani alilichukua neno hilo akaliweka juu ya vichwa vya majumbe, akampa mwenye nalo kiboko.

Ngarambe, karibu na Rufiji, alikuwako mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Watu wakaanza kwenda kwake kwa makundi, na habari zake zilipita kwa mnong'ono, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Wamatumbi wana neno lao la habari ya aina hiyo: njwiywila. Hakuna mkutano, hakuna barua, boma halina la kukamata. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Angalieni sana hiyo dawa. Mtama! Chakula kile kile kilichokuwa kinaliwa na nguruwe huku mwenye shamba akipalilia pamba.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Matumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa mashina machache. Hayo tu. Hawakuua mtu siku hiyo. Waling'oa pamba, na kila aliyesikia alielewa kuwa vita imeanza, ile tunayoiita Maji Maji. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla moto haujasambaa. Ukasambaa bila yeye: Ungindo, Uzaramo, Upogoro, Ubena, Ungoni. Tarehe 30 Agosti maelfu walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, wakiiendea bombomu, bunduki ya rashasha, kwa miguu.

Kila mwaka nasahihisha karatasi, na kila mwaka kuna mwanafunzi anaandika: "Walishindwa kwa sababu ya imani potofu ya maji." Wenzangu, tumemfundisha nani hivyo? Makabila zaidi ya 20, lugha mbalimbali, wengine mahasimu wa jana, hawana chifu mmoja, wakainuka katika muda wa wiki chache. Ni silaha gani nyingine ingewaweka pamoja? Maji hayakuzuia risasi. Kazi ya kuwaunganisha yaliifanya, na baada ya vita yale mashamba ya pamba ya lazima ya kijiji yaliachwa. Mwandikie huyo mtoto alama nusu, umwite mkae mzungumze.

Gharama yake? Wajerumani wenyewe walitoa hesabu ya watu wapatao 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyezunguka akawasikiliza wazee waliokuwa hai, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa njaa, maana majeshi yalichoma maghala, yakachoma mashamba, yakachukua mifugo, na hiyo ilikuwa mbinu, haikuwa bahati mbaya ya vita. Palipokuwa na vijiji pakaota msitu, tembo wakahamia.

Sasa nawadai ile tarehe. Songea, 27 Februari 1906, walinyongwa mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60, na siku chache baadaye Nduna, yaani mkuu wa Kingoni, Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji umechukua jina lake. Miaka 21 kamili, siku kwa siku, tangu Kaiser alipotia saini ile hati. Sidhani kama yeyote aliyekuwa pale bomani alikuwa anahesabu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akasimama pale makaburini, akaomba msamaha. Kichwa cha Songea Mbano ukoo wake bado unakitafuta.

Neno la tatu ni fupi lakini linauma. Wazee, hamsa ishirini ni nini?

Mzee wetu pale mbele amejibu kabla sijamaliza. Viboko ishirini na tano. Hamsa ni tano kwa Kiarabu, ishirini mnaijua. Askari alihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili cha namna hiyo, na kiboko kilikuwa kiboko kweli, ngozi ya yule mnyama wa mtoni iliyokaushwa. Ishirini na tano ndiyo iliyoruhusiwa kwa mara moja. Kama hukumu ilizidi, ulirudi kupigwa tena mgongo ukiwa umeshikana shikana.

Nisikilizeni hapa. Mkono ulioinuka ulikuwa wa nani? Karibu na mwaka 1914 Wazungu wote katika koloni hili, ukiwahesabu wamisionari, walowezi na watoto wao, hawakufika 6,000. Wenyeji walikuwa milioni saba hivi. Hakuna hesabu ya dunia hii inayowawezesha watu 6,000 kumsimamia kila mtu na jembe lake. Waliosimamia walikuwa askari, akida, jumbe, karani, mkalimani, mnyapara. Watu wanaoitwa kwa majina kama yetu.

Na lugha iliyowaunganisha ni hii ninayoisema. Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na "shule" nayo ni neno lao, kabla yake tulikuwa na chuo na madrasa. Wakawafundisha vijana kusoma na kuandika Kiswahili ili wakakae bomani waandike kodi. Shule ile ikawa na gazeti lake, Kiongozi. Karani wa Tanga alipopelekwa Iringa au Bukoba, Kiswahili kilikwenda naye ndani ya daftari la kodi. Mimi Kiswahili kimenilisha maisha yangu yote na sikionei haya. Ila tukisimama jukwaani kusema lugha hii ilituunganisha, tuseme pia nani aliisafirisha mara ya pili, na alikuwa amebeba nini mkononi.

Kuna mtu amenong'ona hapo nyuma kuwa ninawatetea wakoloni. Hapana, ndugu yangu. Ninakuonyesha mashine ilivyofanya kazi. Mashine isiyo na mikono ya kwetu isingezunguka.

Kariakoo nitaisema kwa ufupi, maana nikianza nitawaweka hadi magharibi. Mnakwenda pale kununua mchele, simu, vitenge. Jina hilo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa Mwingereza, lililokuwa na kambi yake mahali pale baada ya Dar es Salaam kuchukuliwa Septemba 1916. Nairobi nako wanayo Kariokor yao, jina lile lile limepindwa kwa namna nyingine. Vita vile vya Wazungu, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilipigwa katika nchi ya mbung'o, ambako punda na ng'ombe hawakudumu, kwa hiyo gari lilikuwa kichwa cha mtu. Inakadiriwa wapagazi karibu milioni moja walikusanywa upande wa Mwingereza kutoka koloni zote, na karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, kwa malaria, kwa vichomi, kwa unga ulioiva nusu uliopewa watu waliozoea ndizi. Upande wa Mjerumani waliobebeshwa walikamatwa vijijini tu.

Mkifika Dar, pale Posta, alipokuwa amesimama Wissmann wa shaba, leo amesimama askari wa shaba, tangu mwaka 1927. Chini yake kuna maandishi. Wapagazi wametajwa, wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Someni upande wote, zungukeni mara mbili. Jina la mtu hamtaliona hata moja.

Neno la mwisho nalileta kutoka nyumbani kwetu, na nitawaomba mnivumilie.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa ile kampuni ya Wajerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo 62 yakatoka mashamba yote mliyoyaona mkipita Korogwe, Muheza, Kimamba hapa jirani, na Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Lakini mkonge una miiba, kazi yake haina mwisho, na watu wa Tanga wenyewe walikuwa na mashamba yao, hawakuitaka. Basi wakatafutwa watu wa mbali, mahali ambapo hakuna zao la biashara na kodi inadaiwa vile vile. Kigoma, Njombe, Songea, Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuwakusanya, wazee wanaikumbuka kwa jina la Silabu. Ukiandikwa ulipewa namba, na ulioandikwa nao mliitwa manamba. Leo vijana wanalitumia neno hili kama tusi la mtu mshamba. Hawajui wanamtukana babu.

Babu yangu, Muha wa Kasulu, alikuwa manamba. Alipanda treni Kigoma, akashuka hapa Morogoro kwa sababu reli ya kati na ya Tanga zilikuwa hazijaunganishwa, wakapakiwa kwenye lori hadi upande wa Korogwe. Shamba lenyewe silitaji. Kuna kitu alikuwa anatusimulia ambacho nikiwa mtoto nilidhani ni hadithi ya sungura. Alisema, "Kule Tanga mwezi una siku arobaini."

Nilikuja kuelewa ukubwani. Manamba alipewa kipande, kadi yenye miraba 30. Kila siku alipewa kazi ya kupimwa, akate majani ya mkonge, ayafunge matita, ayapange yahesabiwe. Akimaliza, karani anatia alama kwenye mraba mmoja. Asipomaliza kwa sababu ya homa, mvua au mwiba wa jicho, hapati alama, na siku hiyo haikuwapo duniani. Mshahara wa mwezi ulilipwa miraba 30 ikijaa. Kwa hiyo kulikuwa na mwezi wa kalenda na mwezi wa kipande. Wakenya nao walikuwa na kipande chao, kibaya zaidi kwa namna nyingine: cheti chenye alama za vidole, kilichoanza kutumika kwa nguvu mwaka 1920 hivi, mwanaume akivae shingoni ndani ya kikopo cha bati. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 kwa kuyapinga mambo kama hayo, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi, akiwamo Muthoni Nyanjiru. Hadi leo Mkenya akipoteza kitambulisho atakuambia amepoteza kipande.

Babu alirudi na blanketi, taa ya chemli na kikohozi. Alipofariki tukafungua sanduku lake, na chini kabisa, ndani ya kitambaa, tukakuta hiki nilichonacho kwenye bahasha. Ni kipande chake cha mwisho. Penye namba pameandikwa vizuri sana, mwandiko wa shule, wino haujafifia. Penye jina wameandika "Juma". Babu hakuwahi kuitwa Juma hata siku moja. Karani hakujua kuandika jina la Kiha, au hakutaka kujisumbua, akamwandikia lililomjia. Miraba 26 ina alama. Minne ni mitupu. Bibi alituambia aliugua siku ya ishirini na saba akasafirishwa kurudi nyumbani, na kwa kuwa kipande hakikujaa, hakikulipwa.

Nitakipitisha sasa kianzie meza ya wazee. Kishikeni pembeni, karatasi imechoka. Mkimaliza kirudi kwangu. Chai iko pale nyuma.